Nilitaka kumzika baba kabla ya jua kutua, majirani wakaniitia chifu

Wakuu, asalaam aleikum. Na wale wa habari, habari zenu. Sisi watu wa Isiolo tunasalimia mara mbili, ukiacha moja unaonekana una dharau.

Nimekuwa msomaji tu humu kwa muda mrefu. Juzi nimeona kijana anauliza kama ahamie sehemu nyingine ya nchi kwa ajili ya kazi. Majibu yote yalikuwa ya kodi ya nyumba, bei ya chakula na wizi wa simu. Nikasema hapana, huyu mtoto wa watu anaachwa gizani.

Kwa hivyo nitaeleza yaliyonipata mimi. Siongezi chumvi, yenyewe yana chumvi ya kutosha. Majina nimebadilisha, na soko nilikoishi silitaji kwa sababu wale watu wapo na wengine tunapigiana simu hadi leo.

Kwanza mnijue ninayeongea.

Mimi ni mzaliwa wa Bulla Pesa, mtaa wa hapa Isiolo. Familia yetu ni ya wale Wasomali ambao babu zao waliletwa na Mwingereza kama askari, vita vikaisha, wakabaki Isiolo na medali na mbuzi wachache. Babangu, ambaye sisi tunamwita Aabo, alikuwa dereva wa lori. Njia ya Moyale kabla ya lami aliijua shimo kwa shimo. Watoto wa mtaa walikuwa wakisikia honi yake wanakimbia barabarani.

Mimi sikutaka usukani. Nilibeba magunia sokoni, nikalinda maduka ya watu, nikajilipia chuo mwenyewe hadi nikatoka na diploma ya mitambo ya baridi. Friji, cold room, AC, vyote navifungua na kuvifunga. Hakuna mjomba aliyenipigia mtu simu. Sisemi kwa majivuno. Sawa, kidogo ni majivuno, lakini nimeyalipia.

Nilipomaliza, Isiolo haikuwa na kazi ya mtu wa aina yangu. Nikapata nafasi kwenye chama cha wafugaji wa maziwa huko milima ya chai, upande wa Kericho. Kazi yangu ilikuwa kuangalia matangi ya kupoza maziwa. Nikamchukua mke wangu Rukia, ambaye ni Mborana wa Kinna, tukapanda gari na godoro letu.

Wakuu, kuhama si mchezo.

Mvua huko inanyesha kila siku mchana kama imeandikwa kazi. Nguo hazikauki. Na kila mahali ni kijani, kijani, hadi macho yanatafuta mahali pa kupumzika hayapati. Kwetu mgeni unamwona akiwa mbali, unaweka chai, inachemka, ndipo anafika. Kule vilima vimekuzunguka. Unashtukia mtu yuko mlangoni.

Rukia aliyalilia maziwa ya ngamia mwezi mzima. Nyama ya halali ilikuwa ni mpaka twende mjini, mwendo wa saa moja hivi kwa gari. Siku nyingine tulichinja kuku wetu tukaridhika. Adhana tulikuwa tunaisikia kwenye simu tu.

Mwanzoni vijana wa soko waliniita Warya, jina la kumdharau Msomali yeyote. Sikujali. Nilijifunza kusema "chamgei" asubuhi, salamu ya Wakipsigis, nikajifunza kunywa mursik, maziwa yao ya mgando, bila kukunja uso, na matangi yao yaliyokuwa yanaharibika kila wiki yakatulia. Kabla ya mwaka kuisha hakuna aliyeniita Warya tena. Nilikuwa Fundi. Hospitali ikiharibikiwa na friji, Fundi aitwe. Mwenye hoteli akinunua friza, Fundi aje aione kwanza. Nilikuwa nimeshika huo mji, wakuu.

Nilidhani nimeshaujua.

Mwenye nyumba yangu alikuwa mzee mmoja, nitamwita Mzee Bett. Alikuwa amejenga vyumba vya kupangisha kando ya barabara, na boma lake mwenyewe liko nyuma, ndani ya shamba la chai. Kando ya miti ya ua palikuwa na makaburi ya wazazi wake, yamesakafiwa kwa tailisi, safi kabisa. Kule kila mtu anazikwa kwake. Nilikuwa napita hapo kila asubuhi nikienda kazini.

Sasa nije kwa Aabo.

Alikuja kunitembelea. Nilimsihi sana aje aone mtoto wake amefika wapi. Nilimtembeza kiwandani, nikamwonyesha matangi, nikamwonyesha watu wakiniamkia. Alikuwa ananyamaza, anagusa chuma kwa kiganja, anasema "mashallah" kidogo kidogo. Kwa mtu kama yeye hiyo ni hotuba.

Yeye na Mzee Bett walipatana siku ya kwanza. Sijui vipi, kwa sababu Aabo hakujua chai ya shambani na Mzee Bett hajawahi kuvuka Nakuru. Walikuwa wanakaa kwenye benchi mbele ya vyumba, wanabishana.

"Msomali," Mzee Bett alikuwa akimwambia, "wewe umezeeka na hauna hata ng'ombe moja. Ulikuwa unafanya nini maisha yote?"

"Nilikuwa na ng'ombe."

"Iko wapi?"

"Ilikuwa na miguu kumi na ilikunywa dizeli. Hiyo ng'ombe yako ikikanyaga Marsabit itakufa siku ya kwanza."

Na wanacheka hadi Mzee Bett anakohoa. Alhamisi jioni niliporudi kazini niliwakuta hapo. Rukia aliwapiga picha na simu, wazee wawili, meno machache, vikombe mkononi.

Ijumaa alfajiri Aabo aliamka akatawadha, akaswali. Rukia akampelekea chai. Alimkuta ameegemea ukuta juu ya mswala, amejifunika shuka. Alimwita mara mbili. Kisha akaniita mimi.

Alikuwa ameshakwenda.

Sitaandika mengi hapo. Waliofiwa na baba wanajua.

Nilimpigia simu kaka yake Aabo kule Isiolo, Adeer Yusuf, ambaye ndiye mkubwa wa familia. Alisoma inna lillahi, kisha akasema, "Ijumaa. Mungu amempenda. Mzike leo leo, huko huko. Usimlete barabarani, mtu si mzigo wa lori."

"Sawa, Adeer."

"Jua lisitue akiwa juu ya ardhi. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Kwa wasiojua: kwetu maiti hakai. Mtu akifa asubuhi, saa saba ameshazikwa. Kuchelewesha ni kumtesa aliyekufa. Pale Isiolo huhangaiki hata kidogo. Vijana wanachukua majembe, mzee wa mtaa anashughulikia karatasi, wanaume wa msikitini wanajaa, na makaburi ni ya Waislamu wote. Hakuna anayeuliza wewe ni wa shamba gani.

Nikaanza kazi. Nilimpigia Musa, kijana Mnubi aliyekuwa muuza vipuri pale sokoni lakini analala kwao mjini, nikamwambia aje na sanda na pikapu. Rukia akachemsha maji. Hatukupiga kelele. Kwetu kulia kwa sauti juu ya maiti si jambo jema. Unalia, lakini unajizuia. Rukia alikuwa anafuta macho kwa ushungi huku anapanga ndoo.

Wakati namsubiri Musa, nikafikiria kaburi. Na hapa ndipo nilipofanya jambo ambalo nililiona ni la akili na la heshima.

Nilijiambia: watu wa huku wanazika nyumbani. Basi nitafuata desturi yao.

Nikaenda kwa Mzee Bett. Alikuwa mlangoni kwake na kikombe cha chai.

"Mzee, chamgei. Baba amefariki. Naomba kipande kidogo pale kando ya miti, karibu na wazazi wako. Nitachimba mwenyewe. Kabla ya saa nane tutakuwa tumemaliza."

Aliniangalia kama mtu asiyeelewa lugha.

"Nani amefariki?"

"Baba."

"Huyu wa jana? Huyu rafiki yangu?"

"Ndiye."

"Saa ngapi?"

"Alfajiri."

Aliweka kikombe chini, juu ya majani, kikamwagika. "Na mbona sijasikia nduru?"

Nikasema kwetu hatupigi nduru. Hakusikia. Alikuwa anaangalia vyumba vyangu, anaangalia dirisha lililofungwa pazia.

"Unataka kuweka babako kwa shamba yangu," alisema polepole.

"Hata kununua nitanunua, mzee. Hiyo sehemu tu."

Wakuu, kama kuna mtu wa milima ya chai humu tayari ameshika kichwa. Mimi nilikuwa naona naongeza adabu.

Mzee Bett alisimama. "Fundi, kaburi ikiingia kwa shamba, hiyo shamba inakuwa ya nani? Kesho mimi nikifa, watoto wako watakuja waseme babu yao analala hapa. Korti itawasikiza. Umekuja na diploma yako kunitoa kwa shamba ya babangu?"

"Mzee, Wallahi si hivyo."

"Na mtu amekufa hata bado jua halijatoka vizuri, wewe umeshapima kaburi!"

Akaingia ndani. Nikasikia anaita mtu kwa simu, kwa Kikipsigis, sauti imepanda.

Niliporudi Musa alikuwa amefika. Alikuwa ameshaongea na imamu wa mjini. Kwao msikiti una makaburi yake, akasema tumlete, ataswaliwa baada ya Ijumaa pamoja na jamaa wote. Nilishukuru Mungu. Kuswaliwa na msikiti mzima siku ya Ijumaa, wakuu, hata matajiri hawanunui hiyo. Tulimwosha Aabo, mimi na Musa. Tukamvisha sanda, tukamfunga. Alikuwa mwepesi, na mimi nilimjua akibeba tairi la lori begani.

Tulipomtoa nje kwenye shuka, geti lilikuwa limefungwa.

Watu walikuwa wamejaa. Wanawake kwa upande mmoja, vijana wa bodaboda mbele ya pikapu, wafanyakazi wa kiwandani ambao mimi mwenyewe nawafundisha kazi.

"Fundi, hiyo ni nini mmebeba?"

"Ni babangu. Amefariki. Naenda kumzika. Nifungulieni."

"Kumzika leo? Na hata hatujaambiwa?"

"Jana mzee alikuwa anacheka hapa," kijana mmoja wa boda akasema. Tulikuwa tunamwita Kip. "Leo ameshafungwa kama gunia la majani chai. Warya, kwani unaficha nini?"

Warya. Baada ya muda wote ule.

Mama Chebet, jirani yetu wa mlango wa pili, alimshika Rukia mkono. "Mama, mbona hulii? Mtu amekufa kwa nyumba yako na sisi tuko hapa karibu, tunapika uji, hatusikii hata sauti moja. Tungejuaje?"

"Ninalia, mama," Rukia akamwambia. "Ninalia ndani."

"Ndani wapi?"

Nilijaribu kueleza. Nilisema dini yetu iko hivi, maiti hazikwi kesho, anazikwa leo. Mtu akasema hata Waislamu wa mjini huita daktari kwanza. Mwingine akasema mtu mwenye mkono safi hana haraka. Jua lilikuwa linapanda, na mimi mikono imekufa ganzi kwa kumshika Aabo. Ndipo nikasema neno.

"Nyinyi mnaoweka baba zenu mochari wiki mbili mkichangishana, ndio mnanifundisha heshima?"

Kisha pikapu ikaanza kutikiswa, Musa akiwa ndani. Tukamrudisha Aabo ndani, tukamlaza pale pale alipofia.

Chifu akaja. Wakuu, nataka niwe mkweli kwake pia, hakuwa mtu mbaya. Alivua kofia alipoingia. Alimwangalia Aabo akiwa kwenye sanda, akatikisa kichwa.

"Fundi, pole sana. Mimi sisemi umefanya kitu. Lakini mtu amekufa kwa area yangu, hakuna jirani ameona, hakuna daktari ameona, na mwenye plot anasema ulimwomba kaburi asubuhi na mapema. Nikikuachilia uende, jioni hii nyumba itachomwa. Unaelewa?"

"Chifu, ni Ijumaa. Nipe saa mbili tu. Njoo na mimi hadi makaburini, uone kwa macho yako."

"Polisi wako njiani."

Wakati anasema hivyo, adhana ya Ijumaa ikalia kwenye simu yangu mfukoni. Chifu alisubiri hadi ikaisha. Mimi pia nilisubiri. Sote wawili tulikuwa tunamwangalia Aabo.

Polisi walimpeleka mochari ya hospitali. Nilipanda nyuma ya gari pamoja naye.

Sasa sikilizeni hii, na mtu mwenye roho nyepesi aruke.

Mhudumu wa mochari aliponiona alitabasamu. "Fundi! Umekuja service leo?"

Friji ya pale niliitengeneza mimi. Kompresa ilikuwa imekufa, miezi michache nyuma, nikaifunga mpya, nikabadilisha mpira wa mlango, nikaweka thamostati kwa mkono wangu. Walinisifu sana.

"Hapana," nikamwambia. "Nimemleta baba."

Alishusha macho, akafungua mlango. Baridi ikatoka vizuri kabisa, kama nilivyoiacha. Walimsukuma ndani, juu ya sanda wakafunga kikaratasi. Nilisimama nje nikisikiliza kompresa inavyovuma, na Mungu anisamehe, nilikuwa natamani iharibike.

Jioni Adeer Yusuf akapiga simu.

"Mmemaliza?"

"Bado, Adeer. Polisi wanataka apasuliwe kwanza. Daktari ni hadi Jumatatu."

"Yuko wapi?"

Nikaanza kumweleza habari za chifu.

"Nakuuliza, ndugu yangu yuko wapi?"

"Yuko kwa friji."

Kisha akasema, "Hiyo ndiyo ulienda kusomea," na akakata.

Jua likatua. Nililiona likitua, nimekaa kwenye benchi ile ambayo Aabo na Mzee Bett walikuwa wanakalia.

Na hapo hapo, wakuu, wakaanza kuja.

Nilidhani wanakuja kutuchomea. Walikuwa wamebeba kuni. Wengine turubai, wengine viti vya kanisani, akina mama na sufuria. Walifunga turubai mbele ya mlango wangu bila kuniuliza, wakawasha moto. Kip, yule yule aliyeniita Warya asubuhi, alikuwa anapasua kuni kwa shoka, jasho linamtoka.

Alipopumzika alinijia. "Fundi, pole. Usikasirike. Tulikuwa tunataka tu mzee asipotee hivi hivi, kama kuku."

Mama Chebet aliingia ndani kwa Rukia, akafunga mlango, nikamsikia akilia yeye. Analia kwa sauti kubwa, anamlilia baba mkwe wa mtu mwingine.

Kila jioni walikuja. Waliimba nyimbo za kanisa kwa lugha yao. Rukia aliniambia, "Wanamwimbia mzee wetu nyimbo za Yesu."

"Waache. Watachoka."

"Hawa hawachoki," akasema. Na kweli hawakuchoka.

Mzee Bett alikuja Jumapili. Alikaa mwisho wa turubai, mbali na moto. Hakuniamkia na mimi sikumwamkia.

Jumatatu daktari akamaliza. Moyo. Ulisimama wenyewe, akasema, mzee hakuhisi kitu. Polisi wakanipa mkono, chifu akasaini alichosaini, nikapewa kibali cha mazishi. Hakuna aliyeomba msamaha, kwa sababu kwa macho yao hakuna aliyekosa. Utaratibu ulifuatwa.

Mimi na Musa tulimwosha Aabo mara ya pili. Walikuwa wamemshona kuanzia kooni. Musa alisoma Yasini kwa sauti wakati wote, nafikiri ili nisiangalie.

Tulimpeleka kwenye makaburi ya Waislamu mjini. Imamu alikuja na wanaume wachache, siku ya kazi. Tukamswalia. Mara nikaona lori la chama cha maziwa linaingia, nyuma watu wamejaa, wamevaa suti na nguo za Jumapili, na katikati yao sanduku.

Walikuwa wamemchongea sanduku. Mbao nzuri, imepigwa vanishi, vishikio vya dhahabu, na mbele wamebandika ile picha aliyopiga Rukia ya wazee wawili na vikombe. Mzee Bett wamemkata nje ya picha, umebaki mkono wake tu kwenye bega la Aabo.

Imamu akaniangalia. "Sanduku haliingii kaburini," akasema chini chini.

"Najua."

"Waambie wewe."

Niliwaambia. Walilishusha hivyo hivyo, wakaliweka kando juu ya nyasi, wakasimama kulizunguka. Sisi tukamshusha Aabo na sanda yake, tukaweka mbao, tukafukia kwa mikono na majembe. Dua. Tukamaliza. Hata sigara mtu angekuwa hajaimaliza.

Mzee Bett akasogea. Ilikuwa mara ya kwanza kuniongelesha tangu Ijumaa.

"Ndio hivyo tu?"

"Ndio hivyo tu, mzee."

"Hakuna mtu amesema alikuwa nani?"

Nikamwangalia imamu. Imamu naye alikuwa mtu mzima, akasema dua imeisha, mwenye neno aseme.

Mzee Bett alivua kofia. Alisema, "Mimi nilimjua huyu mzee siku kidogo. Alikuwa na ng'ombe ya kunywa dizeli." Hakuna aliyecheka. Alizungusha kofia mkononi. "Mtoto wake alikuja kuniomba kaburi kabla hajaniambia vizuri mtu amekufa. Kama angekuja kulia kwangu kwanza, ningempa. Ningempa karibu na mama yangu. Hiyo ndiyo ninataka nyinyi Waislamu mjue."

Kisha akavaa kofia na kwenda kupanda lori. Sanduku lilirudi tupu, limewekwa katikati, watu wameketi pande zote mbili.

Niliacha ile kazi. Si kwa hasira. Nilienda kazini wiki chache na kila friji niliyofungua nilikuwa namwona. Nikachukua Rukia na godoro letu tukarudi Isiolo.

Leo niko sawa, alhamdulillahi. Nina cold room yangu mwenyewe, ya maziwa ya ngamia yanayotoka Kulamawe na kwingine, na nyama. Nimeajiri watu. Hakuna aliyenishika mkono. Ukija Isiolo ukauliza mtu wa mitambo ya baridi, utaletwa mlangoni kwangu, na hiyo nasema bila aibu.

Lakini Adeer Yusuf hadi leo hali chakula kwangu. Tukikutana msikitini ananipa salaam, naitikia, basi. Na watu wetu siku ya Ijumaa wanaenda makaburini kuwaombea wazazi wao, mimi nasimama tu hapo kati ya makaburi ya baba za wengine. Mama hawezi safari ya Kericho, miguu haimruhusu. Huniuliza amelala upande gani. Namwonyesha kule jua linakozama, anageuza kiti chake, anasoma.

Wakuu, mimi siwalaumu wale watu. Nimefikiria sana. Sisi tukiharakisha ni mapenzi, wao wakichelewesha ni mapenzi. Sisi tukinyamaza ni imani, kwao kimya ni cha muuaji. Mimi niliishi nao, nikajifunza salamu yao, chakula chao, matani yao, na sikuwahi kuuliza wanafanyaje siku mtu akifa. Wao pia hawakuwahi kuniuliza. Ni jambo ambalo hakuna anayetaka kulianzisha na mgeni.

Kwa hivyo wewe kijana uliyeuliza: kodi ya nyumba utaijua. Chakula utakizoea. Tafuta mzee mmoja wa huko, kaa naye, mwambie kwenu mtu akifa mnafanya hivi na hivi, na umuulize kwao. Fanya hivyo kungali salama. Ile siku yenyewe hakuna atakayekusikiliza.

Mwezi uliopita nimeajiri fundi kijana kutoka Nyamira. Mkristo, mtaratibu, mkono wake uko sawa. Siku ya kwanza nikamkalisha ofisini, nikamuuliza, "Ukifia hapa Isiolo, tukupeleke wapi?"

Alisimama akaangalia mlango. Alidhani namtisha.

Nikamwambia, "Kaa. Mimi ndiye nitakayebeba. Nataka kujua."

Alikaa. Kisha akasema, "Nyumbani, boss. Nyuma ya nyumba ya mama. Na msinizike haraka, hata kama nyinyi ndio mnapenda. Mngojee dada yangu afike kutoka Mombasa."

"Na tupige nduru?"

"Sana, boss. Watu wote wasikie."

Nikamwambia sawa. Siku hiyo hiyo nikamleta nyumbani, nikamwonyesha kwa Rukia na kwa majirani wote wa plot, nikawaambia huyu ni nani na kwao wanafanyaje. Walinishangaa. Wengine walisema nimeanza kuchanganyikiwa.

Sasa nyinyi mlio mbali na kwenu, huyo jirani wa mlango wa pili anajua? Semeni hapa chini, na wale wa desturi nyingine mtufundishe yenu. Nasoma comment zote.